Kasisi Aliyeogopa Kufa

Mnamo Oktoba 1735, John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza, alipanda merikebu kwenda koloni la Georgia, Amerika. Alikuwa na umri wa miaka 32. Baba yake alikuwa kasisi, naye alisoma Oxford na kufundisha huko. Pamoja na ndugu yake Charles na rafiki wachache, alifunga kila juma, akatembelea wafungwa na kuwasaidia maskini. Lakini kwa bidii hiyo yote alikuwa akitafuta kuiokoa nafsi yake mwenyewe, na hata safari ile ya umisionari aliifanya kwa tumaini hilo.

Miongoni mwa abiria walikuwamo Wamoraviani kutoka Ujerumani. Mwezi Januari 1736 dhoruba kali iliwapata baharini. Wamoraviani walipokuwa wakiimba zaburi katika ibada yao, wimbi liliifunika merikebu, likapasua tanga kuu, na maji yakamwagika ndani. Waingereza walipiga mayowe. Wamoraviani waliendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa. Alijibiwa kwamba hata wanawake na watoto wao hawakuogopa kufa. Wesley alijua kwamba yeye aliogopa.

Huko Georgia, August Spangenberg, kiongozi wa Wamoraviani, alimwuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley alisita, kisha akajibu kwamba anajua Yesu ni Mwokozi wa ulimwengu. Spangenberg alikubali, lakini akataka kujua kama Kristo amemwokoa yeye, Wesley. Kasisi alitoa jibu, ila aliandika katika shajara yake kwamba alihofu maneno yake yalikuwa matupu.

Kazi yake Georgia haikufanikiwa. Alirudi Uingereza mapema mwaka 1738 akiwa amevunjika moyo. Huko Mmoraviani kijana, Peter Böhler, alimwonyesha kwamba imani iokoayo si kukubali mafundisho tu, bali ni kumtegemea Kristo mwenyewe.

Jioni ya Mei 24, 1738, Wesley alikwenda shingo upande kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma utangulizi wa Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Yapata saa tatu kasorobo usiku, Wesley alitambua kwamba sasa anamtumaini Kristo peke yake, na kwamba dhambi alizoondolewa ni zake mwenyewe.

Majaribu hayakukoma usiku ule. Mashaka yalimrudia katika siku zilizofuata. Lakini sasa alijua pa kukimbilia. Mwaka 1739, makanisa mengi yalipomfungia milango, alianza kuhubiri nje huko Bristol. Kwa miaka zaidi ya 50 alisafiri, mara nyingi kwa farasi, akiwapelekea watu Injili. Bado alifunga, alitembelea wafungwa na kuwasaidia maskini. Kazi ilikuwa ile ile, lakini hakuifanya tena ili aokolewe. Aliifanya kwa sababu ameokolewa. Alifariki London kwa amani Machi 2, 1791, akiwa na miaka 87.

Soma Yakobo 2:19 na Waefeso 2:8-10. Je, unamjua Yesu kama Mwokozi wa ulimwengu tu, au kama Mwokozi wako pia? Dhoruba ya mwisho uliyopitia ilionyesha nini?