Sultan Khan: Bingwa Aliyeanza kwa Hatua Moja

Ndugu wasomaji, hasa ninyi vijana mnaokaa kwenye ubao wa sataranji baada ya masomo, yafaa mlijue jina la Mir Sultan Khan.

Bwana huyu alizaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini huko Mitha Tiwana, Punjab, katika India ya wakati ule. Alikulia katika sataranji ya Kihindi, ambayo askari, zile kete ndogo za mbele, hawakuruhusiwa kuruka miraba miwili mwanzoni. Walikwenda mmoja mmoja. Kwa hiyo alikuwa mtu mzima alipojifunza kanuni za kimataifa, akiwa katika nyumba ya tajiri Sir Umar Hayat Khan. Mwaka 1928 alikuwa bingwa wa India nzima. Mwaka 1929 alifuatana na tajiri wake hadi London, na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa Uingereza. Aliutwaa tena 1932 na 1933.

Mchezo wake mashuhuri ulichezwa Hastings, katika mashindano ya 1930–31, dhidi ya José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia wa 1921 hadi 1927. Sultan Khan alishika kete nyeupe. Katika hatua ya tano alimsogeza askari wa pembeni kabisa, mkono wa kushoto, mraba mmoja tu. Hatua ilikuwa ndogo, lakini ilimnyima mpinzani mahali pa kuweka kete ya kumbana farasi wake. Capablanca akashindwa baada ya hatua 65. Miaka mingi baadaye Tigran Petrosian, bingwa wa dunia wa 1963 hadi 1969, aliutumia sana ufunguzi wa namna hiyo, hata ukaitwa kwa jina lake.

Mwishoni mwa 1933 tajiri alirudi India, na Sultan Khan akarudi pia. Hakushindana tena Ulaya. Alifariki mwaka 1966 huko Sargodha, Pakistan. Shirikisho la Sataranji la Dunia lilimtunuku cheo cha heshima cha ustadi mkuu mwaka 2024.

Kipaji kilikuwa chake, lakini nauli haikuwa yake. Sisi tuliokwisha kumaliza shule na kupata kazi hatuna budi kulitafakari hilo. Tukimwona kijana mwenye uwezo, tumsaidie kwa namna ambayo hatakwama siku mfadhili mmoja atakapofunga mizigo yake.