Artemisia: Msanii aliyekazwa kamba vidoleni ili korti imwamini

Kesi nyingi za ubakaji hufika kwa swali moja: ni nani anasema ukweli? Miaka 400 iliyopita, korti moja ya Roma ilitafuta jibu kwa kumfunga msichana wa miaka 18 kamba vidoleni na kuikaza. Na si yeye alikuwa ameshtakiwa. Yeye ndiye alikuwa mlalamishi.

Artemisia Gentileschi alizaliwa Roma, Italia, mwaka wa 1593. Mamake alifariki Artemisia akiwa na miaka 12, akabaki na ndugu zake wadogo na babake Orazio, mchoraji mwenye jina. Uchoraji alijifunzia pale pale nyumbani. Kufikia 1610 alikuwa ameshachora picha ambayo bado inasifiwa hadi leo.

Babake alifanya kazi na mchoraji mwenzake, Agostino Tassi. Mwaka wa 1611 jamaa huyo alimbaka Artemisia, halafu akamtuliza kwa ahadi ya ndoa. Kumbe alikuwa na mke. Ahadi ilipogeuka hewa, Orazio alipeleka malalamiko kwa Papa mwaka wa 1612.

Kesi ilichukua miezi kama saba. Korti haikutaka tu kujua kama Artemisia alilazimishwa. Ilitaka kujua pia kama alikuwa bikira kabla ya siku ile, na wakunga wakaitwa kumkagua. Upande wa Tassi nao ulileta mashahidi wa kumpaka matope, eti alikuwa na wanaume wengi.

Ndipo zikaja zile kamba. Enzi hizo iliaminika kwamba mtu akirudia maneno yale yale huku anaumia, basi anasema ukweli. Hebu fikiria, vidole vya mchoraji! Kamba zilikazwa Tassi akiwa hapo hapo anatazama. Artemisia hakubadilisha neno. Tassi ndiye maelezo yake yalikuwa yakibadilika kila akihojiwa.

Mwishoni mwa mwaka huo Tassi alipatikana na hatia, akaamriwa aondoke Roma. Amri hiyo haikutiliwa maanani, na baadaye akaendelea na kazi zake mjini kama kawaida.

Artemisia naye aliolewa, akahamia Florence. Mwaka wa 1616 akawa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha wasanii cha mji huo. Alichora Judith akimkata kichwa Holofernes, akafanya kazi Naples, hata London. Mwaka wa 1654 bado alikuwa anachukua oda za picha.

Kwetu Kenya hakuna kamba, lakini kwa miaka mingi tulifuata kanuni ya Uingereza iliyowaonya majaji wasikimbilie kumwamini mwanamke aliyebakwa kama hakuna ushahidi mwingine wa kumuunga mkono. Leo, kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa pekee. Lakini lazima jaji au hakimu aridhike kuwa anasema ukweli, na aandike sababu zake. Mshtakiwa naye bado ana haki yake: kesi isipothibitishwa kikamilifu, anaachiliwa.

Hizo sababu zilizoandikwa si kitu kidogo. Mtu asiporidhika, anaweza kukata rufaa na zikapimwa upya na majaji wengine. Artemisia hakuwa na hilo. Alichokuwa nacho ni vidole vyake, na maneno ambayo hakuyabadilisha.