Friedrich von Bodelschwingh, Aliyeuchukua Uchungu wa Wenziwe

Wakristo wa Bukoba na Muleba wamelijua jina la Betheli tangu zamani. Si Betheli ya Yakobo tu, bali na ile ya Ujerumani, iliyo karibu na mji wa Bielefeld. Kutoka huko walitumwa wamisionari walioanza kazi katika nchi ya Wahaya mwaka 1910. Lakini si wote wanaomjua mtu aliyeilea Betheli hiyo hata ikasifiwa mbali. Habari zake zamfaa kila mtu mwenye kazi ya kuwatumikia watu: mwalimu wa kanisa, muuguzi, mwenye duka, na baba na mama nyumbani kwao.

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, akawa waziri wa mfalme wa Prussia, hata mtoto akapata kucheza na mwana wa ukoo wa kifalme huko Berlin. Mtu aliyelelewa hivyo angeweza kumaliza siku zake asijue njaa ilivyo. Lakini alipokuwa kijana alijifunza kilimo, akawekwa kusimamia shamba kubwa, na huko aliona jinsi vibarua na watoto wao walivyoishi kwa dhiki. Mambo hayo yakamkaa moyoni. Akaacha kilimo, akasoma elimu ya Mungu, akitumaini kupelekwa nchi za mbali kuhubiri.

Mwaka 1858 alipelekwa, lakini si mbali kama alivyodhani. Alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ambako walikuwako Wajerumani maskini wengi sana, na kazi ya wengi wao ilikuwa kufagia njia za mji. Wapitaji hawakuwatazama. Yeye aliwaendea katika vibanda vyao, akawafundisha watoto wao chumbani mwake, hata baadaye wakapata shule na kanisa. Huko alijifunza jambo moja, ya kuwa mtu hawezi kumsaidia mwenziwe kabla ya kuujua mlango wake na kuketi mahali aketipo.

Mwaka 1864 alirudi Ujerumani, akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig. Yeye na mkewe Ida walikuwa na watoto wanne. Basi mwezi wa Januari 1869 maradhi yaliingia nyumbani mwao, na kabla ya majuma mawili kwisha watoto wote wanne walikuwa wamekufa. Walichimba kaburi, wakarudi, wakachimba jingine. Msiba wa namna hiyo waweza kumfanya mtu kuwa mkali au kumfunga asisikie tena kilio cha wengine. Kwake haukuwa hivyo. Baadaye alisema ya kuwa siku zile ndizo zilizomfundisha kuwahurumia watu. Tangu hapo alipoingia katika nyumba yenye matanga, hakuingia kama mgeni.

Mwaka 1872 aliitwa Bielefeld kutunza nyumba ya wagonjwa wa kifafa iliyoanzishwa mwaka 1867. Wagonjwa hao waliogopwa sana. Watu waliwaficha, wakawanyima kazi na ndoa, wakawahesabu kuwa mzigo. Bodelschwingh aliwapa chakula na dawa, lakini hakuona ya kuwa hayo yatosha. Alijiuliza ni kitu gani ambacho yeye mwenyewe asingeweza kuishi bila hicho, akaona ni kazi na heshima. Basi palifanywa mashamba, na nyumba za useremala, uhunzi na kujalidi vitabu. Wasioweza kazi nzito walipewa kuchambua stempu za barua zilizokwisha kutumika. Kila mmoja akawa na jambo la kufanya, na wenzake wakamhitaji.

Siku zile tena watu wengi wasio na kazi walitangatanga njiani wakiomba. Wengine waliwapa senti, wengine waliwafukuza. Yeye aliona ya kuwa sadaka itolewayo ili mwombaji aondoke upesi haina huruma ndani yake. Mwaka 1882 alifungua Wilhelmsdorf, mahali ambapo watu wa njiani walilima, wakalala, wakala kwa jasho lao. Alipokuwa mzee aliona jinsi wasio na makao walivyolazwa Berlin, watu wengi katika ukumbi mmoja. Akaanzisha Hoffnungstal mwaka 1905, akataka kila mtu apate chumba chake, hata kikiwa kidogo, ili aweze kufunga mlango na kulala kama mtu. Mwenye moyo mgumu angeona chumba hicho kuwa gharama bure. Lakini yeye alijitia mahali pa yule alalaye.

Huruma hiyo ilifika na Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1890 alishika kazi ya chama cha misioni kilichotuma watu Usambara. Huko Lutindi palijengwa kwanza makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Bodelschwingh alikufa tarehe 2 Aprili 1910, mwaka ule ule ambao mmisionari Ernst Johanssen alianza kazi Bukoba, akiwakuta Wahaya waliokwisha kulisoma Neno kwa njia ya Buganda. Baadaye waganga wa Betheli walianza hospitali ya Ndolage, katika Muleba.

Katika Ndolage hiyo, mwaka 1983, walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania. Ndipo lile lililowapata watu wa kifafa lilipowapata watu wa Kagera. Wengine walitengewa vyombo, wajane walisemwa vibaya, na bibi wengi waliwalea wajukuu waliobaki yatima. Dawa za kupunguza nguvu za ugonjwa zilikuwa bado. Kilichokuwapo ni kuketi mkekani karibu na mgonjwa, au kumkimbia. Leo dawa zipo, lakini yule ambaye jirani zake humkwepa bado angali mgonjwa kwa namna nyingine.

Ndugu msomaji, si kila mtu atajenga Betheli. Lakini mwalimu aweza kuuliza kwa nini mtoto asinzia darasani kabla hajamwadhibu. Mnunuzi wa kahawa aweza kukumbuka miezi ambayo mkulima aliingoja siku ya mizani. Muuguzi aweza kumwita mgonjwa kwa jina lake. Mambo hayo hayahitaji fedha. Yahitaji tuujue kwanza mlango wa mwenzetu, kisha tuingie.