Heisenberg: kutoka hesabu za maji hadi urani ya Likasi

Wengi wanamfahamu Mjerumani Werner Heisenberg kwa kanuni ya kutokuwa na uhakika, ya mwaka 1927, na Tuzo ya Nobel iliyofuata. Wachache wanajua kwamba udaktari wake ulihusu maji.

Alizaliwa Würzburg tarehe 5 Desemba 1901. Huko Munich, Profesa Arnold Sommerfeld alimpa swali gumu: kwa nini maji yanayotiririka kwa utulivu huvurugika yakiongezewa kasi? Ukifungua bomba kidogo, maji hushuka yametulia kama uzi wa kioo. Ukilifungua zaidi, hutibuka. Heisenberg alifika kwenye jibu kwa makadirio, na wataalamu wakaitilia shaka kazi yake kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1940, C. C. Lin aliirudia hesabu hiyo, ikaonekana kijana yule hakukosea.

Mtihani wa udaktari, Julai 1923, nusura umwangushe. Mtahini Wilhelm Wien alimuuliza jinsi betri inavyofanya kazi, akashindwa kueleza. Alipita kwa daraja la chini.

Likasi inaingia wakati wa vita. Mji huo ukiitwa Jadotville, kampuni ya Union Minière ilichimba urani jirani yake, Shinkolobwe. Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe hayo, ambazo baadaye zilinunuliwa kwa ajili ya mradi wa bomu la Marekani. Mwaka huohuo Wajerumani waliiteka Ubelgiji na kuchukua akiba ya kampuni iliyokuwa huko. Jasho la wachimbaji wa Katanga likatumika pande zote mbili, wala hakuna aliyewauliza.

Heisenberg alikuwa mmoja wa viongozi wakuu wa utafiti wa nyuklia wa Ujerumani. Mapema 1945, ndani ya pango la Haigerloch, vipande 664 vya urani vilining'inizwa kwenye maji mazito. Mtambo haukuwaka. Baadaye kulizuka ubishi: alishindwa, au hakutaka? Kushindwa kunaaminika zaidi.

Waingereza walimzuilia Farm Hall pamoja na wenzake, wakawanasa sauti kwa siri. Siku chache baada ya Hiroshima aliwaeleza wenzake namna bomu lilivyofanya kazi. Kifungoni humo alirudia pia hesabu za maji yanayovurugika.

Mwaka 1955 na 1956 alitoa mihadhara Uskoti kuhusu fizikia na falsafa, iliyochapishwa baadaye kama kitabu kwa wasomaji wa kawaida. Alifariki Munich tarehe 1 Februari 1976.