Clara Schumann, Mwalimu wa Walimu wa Piano

Katika kijitabu hiki tumewashukuru waanzilishi, walezi na viongozi wa kwaya yetu. Yupo mtu mwingine ambaye kila kwaya humhitaji na mara nyingi humsahau: yule aliyemfundisha mpiga piano wetu, na kabla yake, yule aliyemfundisha mwalimu huyo. Kwa heshima yao tunasimulia kwa ufupi maisha ya Clara Schumann.

Clara alizaliwa mjini Leipzig, Ujerumani, tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu na mwuzaji wa piano, na mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Wazazi walitengana Clara angali mdogo, naye akalelewa na baba. Alichelewa sana kusema, hata watu wakadhani hasikii vizuri. Lakini vidole vilitangulia ulimi. Wieck alimfundisha kila siku: kwanza kupiga kwa kusikiliza, kisha kusoma nota, kisha upatanifu wa sauti, utunzi, uimbaji na fidla. Akiwa na miaka 9 alipiga piano mbele ya watu katika ukumbi wa Gewandhaus. Tuzingatie jambo hili: hakufundishwa vidole peke yake, alifundishwa muziki mzima.

Alipotaka kuolewa na mtunzi Robert Schumann, baba alikataa katakata. Wawili hao walikwenda mahakamani, wakashinda, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840. Walijaliwa watoto wanane, mmoja akafariki akiwa mchanga. Robert alipoongoza kwaya mjini Dresden na baadaye Düsseldorf, Clara ndiye aliyeketi kwenye piano wakati wa mazoezi. Hapa tunamwona kama mmoja wetu. Alikuwa na sifa kote Ulaya, lakini alifanya ile kazi ya jioni za mazoezi ambayo hakuna anayeipigia makofi.

Mwaka 1854 Robert aliugua akili akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa karibu na Bonn. Mtoto wao wa mwisho, Felix, alizaliwa baba akiwa huko. Robert alifariki Julai 1856, akamwacha Clara mjane wa miaka 36 mwenye watoto saba. Marafiki walitaka kumchangia, naye akachagua kuwalea watoto wake kwa kazi ya mikono yake. Kwa miaka mingi alisafiri mji hadi mji akipiga piano, huku watoto wakiachwa mikononi mwa wengine au shuleni. Haikuwa njia nyepesi kwa mama.

Mwaka 1878 chuo kipya cha muziki, Chuo cha Hoch mjini Frankfurt, kilimwita awe mwalimu wake mkuu wa piano. Chuo kilipofunguliwa, hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa miongoni mwa walimu wake. Clara aliweka masharti, nayo yakakubaliwa: afundishie nyumbani kwake, karibu saa moja na nusu kwa siku, na aruhusiwe kusafiri kwa maonyesho. Binti zake Marie na Eugenie walikuwa wasaidizi wake, wakiwaandaa wanafunzi ambao hawajafikia kiwango cha mama yao. Kabla mwaka wa kwanza wa masomo kuisha, Februari 1879, Felix alifariki kwa kifua kikuu. Clara aliendelea kufundisha.

Alitaka mambo machache, lakini aliyataka kweli. Mwanafunzi apige alichoandika mtunzi, asiongeze mbwembwe. Asikimbilie mwisho wa wimbo. Piano iimbe kama koo la mwanadamu. Maumivu ya mikono na masikio yaliyokuwa yakififia hayakumzuia kufundisha chuoni hadi 1892. Alifariki Frankfurt tarehe 20 Mei 1896, akazikwa Bonn kando ya mumewe.

Maonyesho yake yalikwisha siku hizo, lakini mafunzo yake yaliendelea. Fanny Davies na Mathilde Verne walifanya kazi Uingereza, na Verne akafungua shule ya piano London. Mwanafunzi mwingine, Carl Friedberg, alivuka bahari akafundisha katika chuo cha Juilliard, New York. Huko, mwaka 1950, alimfundisha binti mweusi kutoka North Carolina, mtoto wa mhubiri wa kike, aliyeanza kupiga piano kanisani akiwa mdogo. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Nina Simone. Kutoka Clara hadi kwake ni mwalimu mmoja tu.

Basi tunapohesabu miaka yetu, tuwatazame pia vijana walio nyuma ya kinanda. Wengi wanajua kupiga, lakini kujua kupiga si kujua kufundisha. Nchini mwetu wapo wanaosomea ualimu wa muziki, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tukimlipia karo kijana mmoja wa kwaya hii akasomee kazi hiyo, hatutakuwa tumejipatia mpiga piano mmoja. Tutakuwa tumewapatia wajukuu wetu mwalimu.