Patterson na Simba Wawili wa Tsavo

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila jioni natembea karibu nusu saa kwenye vichaka, huku upande wa Mtito Andei. Likizo iliyopita mjomba alituwekea kwenye runinga filamu ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, ya wale simba waliokula watu Tsavo. Binamu zangu walipiga mayowe simba aliporuka. Mimi wala! Kilichonitia baridi ni nyasi kutikisika tu, simba haonekani. Nikaamua kumtafuta yule mzungu mwenyewe vitabuni.

John Henry Patterson alizaliwa Ireland mwaka 1867. Alikuwa mwanajeshi. Machi 1898 alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli iliyotoka Mombasa. Hakuwa amekaa sana wafanyakazi wakaanza kunyakuliwa usiku ndani ya mahema. Walizungusha boma la miiba, wakawasha moto, kazi bure. Miezi tisa ilipita hivyo. Mwishowe wengi wa Wahindi waliruka kwenye treni wakatoroka, na daraja likalala kama wiki tatu.

Sasa sikieni ya Desemba 9. Patterson alikaa peke yake gizani juu ya ulingo dhaifu wa vijiti, chambo ni mzoga wa punda. Simba hakuujali. Alianza kumzunguka yeye, karibu saa mbili nzima, na Patterson anasikia nyayo tu. Mara kitu kikampiga kisogoni! Nusura aanguke. Kumbe ni bundi, alidhani mtu ni mti. Nilisoma hapo nikageuka kuangalia nyuma, na ilikuwa mchana. Usiku huohuo alimwua simba huyo, na wa pili wiki tatu baadaye.

Filamu imemwongezea mwindaji Mmarekani ambaye hakuwako. Pia simba wake wana manyoya shingoni, ilhali wale wa kweli walikuwa madume wasio nayo.

Patterson aliandika kitabu mwaka 1907, akaongoza kikosi cha Wayahudi katika Vita Vikuu vya Kwanza, akauza ngozi za simba kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Alifariki California mwaka 1947.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua hata sasa. Katika kitabu chake alihesabu Wahindi 28 walioliwa. Waafrika? Alisema walikuwa wengi, ila hakuna aliyeweka orodha yao. Baadaye akataja jumla ya 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kama 35. Wengine wanabishana na hesabu, mimi nawaza majina. Huenda mmoja alitoka kwetu, na nyumbani walimngoja arudi na mshahara.

Siku hizi mjomba hunipokea njiani na tochi. Juzi bundi alilia karibu na barabara. Tochi ilibaki na mjomba, mimi nilikuwa nimeshafika nyumbani.