TIM BIRKIN: DEREVA ALIYESHINDWA NA KIDONDA

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii inamfaa sana Henry Birkin, dereva Mwingereza ambaye wengi walimwita Tim.

Birkin alizaliwa mwaka wa 1896 mjini Nottingham katika familia tajiri ya watengenezaji lesi. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa mwanajeshi wa ndege huko Palestina, na huko ndiko alikopata malaria. Ugonjwa huo sisi tunaujua vizuri. Ulikuwa ukimrudia rudia.

Mwaka wa 1927 ndugu yake, Archie, alikufa akifanya mazoezi ya mbio za pikipiki katika kisiwa cha Man. Mwingine angeachana na michezo hiyo. Birkin wapi! Mwaka wa 1929 yeye na Woolf Barnato walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa gari la Bentley.

Bentley lilikuwa gari la mabwana: kubwa, zito, ghali na wazi juu. Lile la lita 4.5 lilikuwa na nguvu za farasi 110 hivi. Birkin akaona hazitoshi. Alitaka lifungwe supachaja, yaani pampu ya kushindilia hewa na petroli ndani ya injini. Mwanzilishi wa kampuni, W. O. Bentley, alipinga katakata kwa sababu aliona itaharibu injini yake. Basi Birkin akamwendea mwanamke tajiri, Dorothy Paget, akapewa pesa. Barnato, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni, naye akakubali magari 50 yaundwe. Nguvu zikapanda hadi 175, na yale ya mashindano yakafika 240 hivi.

Lo! Huko Le Mans mwaka wa 1930 Birkin alimfukuza Rudolf Caracciola wa Mercedes, akampita magurudumu yakiwa nyasini na tairi moja likibanduka! Lakini gari liliharibika kabla ya mbio kwisha. Mwaka uo huo, mjini Pau, alikuwa wa pili, akiyaacha nyuma magari mengi mepesi. Hata hivyo, gari hilo halikushinda mbio kubwa hata moja. Kumbe Bentley alikuwa na haki! Paget akaondoa pesa zake, na mwaka wa 1931 kampuni yenyewe ikanunuliwa na Rolls-Royce.

Birkin hakukata tamaa. Mwaka huo wa 1931 alishinda Le Mans tena, safari hii kwa Alfa Romeo pamoja na Earl Howe. Mwaka wa 1932 alikimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa katika uwanja wa Brooklands.

Mei 1933 alikuwa wa tatu mjini Tripoli, Libya. Siku hiyo mkono wake uligusa bomba la moshi lenye moto, ukaungua. Yeye akakiona ni kidonda kidogo tu. Tarehe 22 Juni alikufa mjini London, akiwa na umri wa miaka 36. Wengine husema ni sumu ya kidonda iliyoingia damuni, wengine malaria.

Wanafunzi wenzangu, mwendo wa kasi haukumuua Birkin. Ukiumia, hata kama ni mkwaruzo tu wa uwanjani, mwone daktari mapema.